Miles alivyomwangusha Karpov kwa hatua iliyodhaniwa mzaha

MCHEZO wa sataranji kati ya Anatoly Karpov na Tony Miles ulichezwa mwaka wa 1980 mjini Skara, Uswidi, katika mashindano ya timu za Ulaya. Hadi leo hutajwa kila inapozungumziwa michezo ambayo mnyonge kwenye karatasi alimwangusha kigogo.

Karpov, wa Muungano wa Sovieti, alikuwa bingwa wa dunia tangu 1975, naye alikuwa na alama 2725 katika orodha ya shirikisho la kimataifa, FIDE. Miles, mzaliwa wa Birmingham, Uingereza, alikuwa nyuma yake kwa zaidi ya alama 100. Kwa mujibu wa mfumo wa Elo unaotumiwa kupima wachezaji, anayemzidi mwenzake kwa alama 200 hutarajiwa kuvuna takriban pointi 76 katika michezo 100.

Karpov, aliyekuwa na kete nyeupe, alianza kwa kumsogeza askari wa mbele ya mfalme nyumba mbili. Miles alijibu kwa kumsogeza askari wa pembeni kabisa nyumba moja tu, hadi a6. Anayejifunza sataranji huhimizwa kwanza kupigania katikati ya ubao, hivyo hatua hiyo ilionekana kama mzaha. Hata hivyo, ilimtoa bingwa katika njia alizozizoea na kumlazimu afikirie upya tangu mwanzo.

Mshangao pekee haukuleta ushindi. Katika hatua za 24 na 25, malkia wa Miles alikula askari wawili, naye Karpov akalipiza mmoja. Malkia wote wawili walipoondoka ubaoni katika hatua ya 28, Miles alibaki na askari mmoja wa ziada na maaskofu wawili. Aliitumia nafasi hiyo kwa subira, na Karpov akasalimu amri baada ya hatua ya 46.

Wasovieti walitwaa ubingwa wa mashindano hayo. Mfumo alioutumia Miles, aliyefariki 2001, huitwa Ulinzi wa Mtakatifu George, na pia Ulinzi wa Birmingham.

Alama za mchezaji hutokana na matokeo yaliyopita. Mchezo wa Skara unakumbusha kwamba mbele ya ubao, kila mmoja huanza na kete 16.