Visiwa vya Watamu: Kilichovila Kiunoni

Visiwa vidogo vilivyo mbele yako ni mabaki ya tumbawe lililokua chini ya maji yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Maji yaliposhuka, tumbawe lilibaki nje likawa jiwe la chokaa, na sasa bahari inalitafuna kiunoni hadi kisiwa kinafanana na uyoga. Ni rahisi kudai kwamba hiyo ni kazi ya mawimbi ya kusi peke yake. Lakini mwamba wa nje hulivunja wimbi kubwa kabla halijafika hapa, na hata upande uliokingwa, unaotazama nchi kavu, umelika vilevile.

Wapo basi wachimbaji wengine: konokono wa baharini wanaokwangua mwani pamoja na chembe za jiwe, kombe wanaotoboa mashimo, na chumvi inayokauka ndani ya vitundu maji yanapokupwa. Je, wimbi halina kazi? Linayo, tena kubwa. Hubomoa jiwe lililokwisha kudhoofika, hulisugua kwa mchanga na kuzoa vifusi, na mkato wa kiunoni ukizidi kina, dari huelemewa na kuporomoka. Tafadhali usipumzike chini yake, hata kivuli kikivutia.