Bajerigari: rangi na jinsia

Bajerigari (Melopsittacus undulatus) ni kasuku mdogo wa nyanda kame za Australia. Hufugwa nyumbani katika nchi nyingi tangu John Gould alipompeleka Uingereza mwaka 1840. Wa porini ni kijani, mwenye uso wa njano na michirizi myeusi kisogoni, mgongoni na mabawani. Rangi nyingine zote zimetokana na mabadiliko ya jeni yaliyoendelezwa na wafugaji.

Rangi ya buluu hutokea pale ndege anaporithi kwa wazazi wote wawili jeni inayozuia rangi ya njano. Lutino, wa njano mwenye macho mekundu, na albino, mweupe, hukosa melanini; jeni yao imo katika kromosomu Z. Dume ana Z mbili, jike moja. Kwa hiyo dume lutino akipandana na jike wa kijani, makinda wote walio lutino huwa majike.

Jinsia hutambuliwa kwa ngozi inayozunguka matundu ya pua, juu ya mdomo. Ya dume mzima ni buluu. Ya jike ni kahawia au nyeupe-nyeupe, na huwa nene na yenye kukwaruza anapokaribia kutaga. Kwa makinda inahitajika kuangalia kwa karibu: ya dume ni ya waridi au zambarau, iliyoenea sawasawa, ilhali ya jike ni buluu iliyopauka yenye duara jeupe kuzunguka kila tundu. Duara hilo ni dalili nzuri kuliko rangi yenyewe. Kanuni ya buluu haifai kwa dume lutino wala albino, ambaye kwa kawaida ngozi yake hubaki ya waridi au zambarau hata akikomaa.