kasi: matumizi katika matini za hifadhi ya data

kasi nm [i-/zi-] 1. mwendo wa haraka. 2. kiwango cha wepesi wa mwendo au utendaji.

Maelezo ya matumizi. Katika mazungumzo ya kawaida neno hili halina utata. Katika matini zinazohusu upimaji wa safu za diski, hata hivyo, hubebeshwa dhana tatu ambazo mfasiri hana budi kuzitenganisha:

(a) *muda wa jibu*: muda unaopita tangu ombi litumwe hadi lijibiwe; kizio chake ni milisekunde.
(b) *idadi ya maombi* yanayotimizwa kwa sekunde.
(c) *kiasi cha data* kinachopita kwa sekunde. Kizio chake ni megabaiti.

Dhana hizi zinahusiana, lakini si visawe. Tuseme safu hushughulikia maombi 32 kwa wakati mmoja, na kila ombi hujibiwa baada ya milisekunde 1. Kwa sekunde, safu hiyo itatimiza maombi 32,000. Kila ombi likiwa la kilobaiti 4, zitapita megabaiti 128. Likiwa la kilobaiti 64, na muda wa jibu usibadilike, zitapita megabaiti 2,048. Dhana (a) na (b) zimebaki vilevile. Iliyoongezeka ni (c) pekee.

Mfano wa kosa. *Kuunganisha seva na safu kwa njia nyingi huongeza kasi.* Msomaji atadhani kila ombi litajibiwa mapema zaidi. Iwapo njia ya kwanza haina msongamano, njia ya pili haipunguzi muda wa jibu wa ombi moja. Taasisi inayosumbuliwa na (a) yaweza kununua vifaa vinavyotibu (c).

Tafsiri bora. *Kuunganisha seva na safu kwa njia nyingi huongeza kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde.*

Angalia pia. Katika mfumo wa Linux, njia huweza kuchaguliwa *kwa zamu*, *kwa ufupi wa foleni*, au *kwa makadirio ya muda wa kukamilisha kazi*. Usizitafsiri zote kuwa *njia yenye kasi zaidi*: njia yenye foleni fupi yaweza kuwa ndiyo inayojibu polepole.

Kanuni. Tafuta kizio kwanza, kisha chagua neno. Kizio kikikosekana katika matini chanzi, muulize mwandishi kabla ya kuandika *kasi*.