Njia ya Wapagazi, Bagamoyo hadi Ujiji

Tangu Februari 2006 njia ya misafara ya kati imo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tanzania iliipeleka kama njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu: kilomita zipatazo 1,200 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Vituo sita vilitajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara iliyo jirani na Tabora, na Ujiji. Orodha ya awali ni foleni tu, haimzuii mtu kulima wala kujenga. Ulinzi uliopo ni wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, nayo imezoea magofu, makaburi na nyumba. Hapo ndipo penye ugumu, maana sehemu kubwa ya njia hii haikuwa na ukuta hata mmoja.

Ilikuwa njia ya miguu. Msafara wa mamia ya watu ulikwenda mmoja nyuma ya mwingine, kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, mbele na bendera yake, juu ya ujia usiozidi upana wa mtu na mzigo. Magurudumu hayakuwepo, na mbung'o waliwamaliza wanyama wa kubeba. Kila kitu kilipita mabegani mwa watu: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba kwenda bara, pembe kushuka pwani, zikaishie kuwa vitufe vya piano na vishikio vya visu huko Ulaya na Marekani. Mpagazi alibeba kilo 30 au zaidi, bado mkeka, chungu na masurufu yake mwenyewe. Kutoka pwani hadi Tabora, miezi mitatu ilikuwa mwendo mzuri.

Jina lililopelekwa UNESCO linawafanya wengi waamini kwamba kila pembe ilibebwa na mtu aliyefungwa mnyororo. Watumwa walipita, tena wengi, na wapo waliofia njiani. Hata baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Zanzibar, ilimbidi Sultani Barghash wa Zanzibar kutoa marufuku nyingine mwaka 1876, safari hii dhidi ya misafara ya watumwa ya nchi kavu. Lakini sehemu kubwa ya mizigo ya njia ya kati ilibebwa kwa ujira, na mabingwa wa kazi hiyo walikuwa Wanyamwezi. Walikuwa wakishuka pwani na pembe zao wenyewe kabla wafanyabiashara wa pwani hawajazoea kupanda bara. Walijadiliana ujira, waligoma, na wakionewa walitua mizigo wakatoroka. Mgeni anayefika Kwihara leo huonyeshwa tembe, nyumba ya udongo, alimokaa mmisionari na mpelelezi Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi. Wapagazi wenyewe huko hawana hata kibanda.

Ukivuka Mpwapwa unaingia Marenga Mkali, nyika yenye maji haba na ya chumvi, ambayo misafara iliivuka kwa kukaza mwendo mchana na usiku. Mbele yake Ugogo, na Ugogoni kulikuwa na hongo, yaani ada ya kupita. Wazungu wengi waliopita pale, kuanzia mpelelezi Burton mwaka 1857, walilalamika juu ya watemi waliodai vitambaa ndipo waruhusu kupita. Mimi nawatetea Wagogo. Katika nchi ile ya ukame visima vilichimbwa na kutunzwa na wenyeji, na nafaka iliyouzwa kwa wasafiri ilitoka ghalani mwao. Watu mia tano wakipiga kambi siku mbili, kisima hubaki tope. Hongo ilikuwa bei ya maji, na bei ya maji hupangwa na mwenye kisima.

Tena njia yenyewe haikutulia mahali pamoja. Ilihama kwa njaa, kwa ukame na kwa vita. Mwaka 1871 vita vya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, na Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya magharibi, na mwandishi wa habari Stanley akazunguka mbali kusini kabla ya kumkuta Livingstone Ujiji mwezi Novemba. Sasa mpimaji achore mstari upi? Qhapaq Ñan, barabara za Wainka zilizoandikishwa mwaka 2014 na nchi sita za Amerika Kusini, zina mawe na ngazi za kuonyesha kwa kidole. Ujia wetu umemezwa na mashamba.

Kilichoiua njia ni reli. Wajerumani walianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Bagamoyo iliachwa kando, Mpwapwa ikabaki na stesheni ya mbali kule Gulwe, Ujiji ikapitwa na Kigoma. Huenda kuachwa huko ndiko kulikoiponya miji hiyo isibomolewe na kujengwa upya.

Kwa hiyo sioni haja ya kuanza kwa kupaka chokaa majengo. Ningeanza Ugogo na Marenga Mkali: visima vya zamani, sehemu za kambi ambako shanga bado zinaweza kuokotwa, na wazee wanaojua maji yalikuwa wapi. Vipande vifupi vya ujia vipimwe, vikubaliwe na vijiji, na vijiji hivyo vipewe haki ya kutoza ada kwa wanaotaka kuvitembea. Wagogo hawatahitaji kufundishwa namna ya kuitoza.