Askari Akianguka

Juzi nikiwa Karatina nilimwonyesha cucu Modern Times kwenye simu. Charlie Chaplin aliitoa 1936, miaka 9 baada ya The Jazz Singer kuleta sauti kwenye sinema, na bado alikataa kuongea. Akifungua mdomo karibu na mwisho, anaimba maneno yasiyo ya lugha yoyote. Cucu hakuhitaji mtafsiri.

"Huyu namjua," akasema. "Alikuja na gari."

Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kuanzia 1954 Wakikuyu walihamishiwa kwa nguvu kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro, wakilindwa na ngati wa serikali. Cucu, msichana wakati huo, anakumbuka gari la sinema likifika jioni na kutundika shuka jeupe. Kwanza zikaja picha za mafunzo, mtu wa maikrofoni akizifafanua kwa Kikuyu. Halafu Chaplin, na yule jamaa akanyamaza tu.

Polisi mnene akateleza, chini puu! Kijiji kizima kikacheka, ngati wakiwa wamesimama hapo hapo na bunduki.

"Na hawakufanya kitu?"

"Wafanye nini? Sinema ni yao."

Kwenye simu, Chaplin aliokota bendera iliyodondoka kutoka kwa lori, akaipunga ili dereva arudi. Waandamanaji wakatokea nyuma yake. Polisi wakamkamata, eti ndiye kiongozi wao.

Mimi nilicheka. Cucu hakucheka.

"Baba alichukuliwa hivyo," akasema. "Alikuwa amebeba panga la kukatia ng'ombe majani."