Ngamia wa Kuazimwa

Lafey iko kando ya barabara ya vumbi inayotoka Elwak, ikaambaa na mpaka wa Somalia hadi mji wa Mandera. Katika maeneo haya, mfugaji akifilisiwa na ukame, jamaa zake humkabidhi ngamia anayekamwa. Maziwa ni yake na wanawe. Mnyama hubaki mali ya mwenyewe. Mvua ikirudi na kundi likianza kupona, ngamia hurudishwa. Hakuna fomu ya kujaza, wala picha ya kupeana hundi kubwa kama mlango. Desturi hii ya wafugaji wa Kisomali ni kongwe kuliko shirika lolote la misaada lililowahi kusimika bango kaskazini mashariki mwa Kenya, na mtu akitaka kuyapima mashirika hayo, hana haja ya kwenda mbali kutafuta kipimo.

Neno manyatta, yaani makazi ya wafugaji, lina kumbukumbu chungu huku. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, serikali iliwaswaga wahamaji kwenye vijiji vilivyolindwa na askari, navyo vikaitwa manyatta. Mifugo iliuawa au ikafa kwa kukosa malisho. Watu waliokuwa wakijilisha wenyewe kwa maziwa na nyama wakajikuta wakingojea mgao. Mwaka 1968, Young Muslim Association, chama kilichozaliwa Nairobi miaka minne kabla, kilifungua makao ya watoto mjini Garissa kwa ajili ya mayatima wa kipindi hicho.

Mwaka uliofuata alitua Kenya Mwitaliano Mkatoliki aliyesomea sheria, Annalena Tonelli. Hakuwa mtawa wala hakutumwa na shirika la kimisionari. Alizaliwa 1943 mjini Forlì, ambako kwa miaka kadhaa alihangaika na maskini wa mji wake mwenyewe. Mwaka 1963 alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha Kamati ya Kupambana na Njaa Duniani. Kamati hiyo haikuwa na tajiri wa kuitegemea. Ilikusanya nguo kuukuu, karatasi na vyuma chakavu kwenye nyumba za Forlì, ikaviuza, na kilichopatikana kikatumwa. Kwa lugha ya soko la Gikomba, Nairobi, kazi yake mjini Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, iliendeshwa kwa mitumba.

Alianza kwa kufundisha shule, lakini Wajir ilikuwa na adui aliyemsumbua kuliko ujinga: kifua kikuu, qaaxo kwa Kisomali, ugonjwa uliofichwa kama aibu ya ukoo. Tiba ya zama hizo ilichukua mwaka mzima au zaidi. Mhamaji angekaaje mwaka mzima kwenye kitanda cha hospitali wakati ngamia wake wanaelekea kwenye maji? Alikunywa dawa wiki chache, akapata nafuu, akaondoka. Ugonjwa ukarudi ukiwa mkali zaidi, naye akawa amekwisha kuwaambukiza wengine.

Mwaka 1976 Tonelli alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu kwa wahamaji. Alichofanya kinasimulika kirahisi, ingawa wataalamu wengi wangepita bila kukiona. Wagonjwa walikuja na jamaa zao, wakapiga kambi karibu na kituo cha walemavu alichokuwa akiishi yeye na wenzake. Kila siku dawa zilimezwa mbele ya mhudumu. Muda ulipunguzwa hadi miezi sita, na aliyepona akarudi kwa mifugo yake. Kambi ile iliitwa Bismillah Manyatta. Jina la kutisha la miaka ya Shifta likageuka kuwa la mahali ambapo mtu huingia kwa hiari na kutoka mzima, na mbele yake likatangulizwa jina la Mungu kama Waislamu wanavyolitamka. Aliyeruhusu hivyo ni Mkatoliki aliyekwenda misa. Hakuna aliyetakiwa kubadili dini wala kuacha kuhama.

Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji wa Wajir. Serikali ilikuja kukiri vifo 57. Manusura wanataja maelfu. Tonelli alitoka na gari kuwaokota majeruhi na maiti, na ushahidi aliosaidia kuutoa nje ya nchi ulimgharimu makazi yake. Alilazimika kuondoka Kenya, akahamia Somalia. Juni 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya Nansen kwa kazi yake. Oktoba mwaka huohuo aliuawa kwa risasi Borama, ndani ya hospitali aliyoianzisha.

Wajir haikubaki ikingoja mgeni mwingine. Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa huko 1964, alianza na wanawake wenzake mapema miaka ya 1990, koo zilipokuwa zikiuana. Mahali pao pa kwanza palikuwa sokoni: muuza maziwa wa ukoo huu amuuzie mnunuzi wa ukoo ule. Kutoka hapo wazee wakavutwa, kisha vijana, kisha ofisi ya serikali, na 1995 ikasimama Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Makanisa ya mji yaliposhambuliwa 1998, alisaidia kuunda kamati ya wanawake Waislamu na Wakristo ili kupatanisha na kujenga upya. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani iliyompata akiwa safarini kwenda Garissa.

Mashirika makubwa yalikuja kuafikiana baadaye sana. Ni mwaka 2014 ambapo Islamic Relief na shirikisho la makanisa ya Kilutheri duniani walitia sahihi mkataba wa kufanya kazi pamoja, wino uliokuja karibu miaka 40 baada ya Bismillah Manyatta.

Mwaka huohuo, Novemba, abiria 28 waliuawa ndani ya basi karibu na mji wa Mandera baada ya kutenganishwa na wenzao kwa dini. Walimu kutoka mikoa mingine wakaanza kuihama kaunti ya Mandera. Kwa Lafey, iliyo mpakani kabisa, mwalimu akawa adimu kama mvua.

Desemba 2015 washambuliaji walisimamisha basi jingine karibu na Elwak, wakaamuru Wakristo wajitenge. Abiria Waislamu walikataa. Salah Farah, mwalimu wa Mandera, alipigwa risasi na akafa Januari 2016 hospitalini Nairobi. Wakristo wengi waliokuwa ndani ya basi walinusurika. Kabla ya mlango kufunguliwa na wenye bunduki, wanawake Waislamu walikuwa wamekwisha kuwaazima wenzao vitambaa vya kujifunika kichwa.