Ukingo wa ndani: kifuko cha ngozi cha nkambo wangu

Wenzangu katika kitabu hiki wameandika juu ya mambo makubwa: ndoa, kilio, majina ya watoto, ngoma. Mimi nimeleta kitu kidogo kinachoingia mfukoni. Ni kifuko cha ngozi, urefu wake kiasi cha kiganja, kilichokuwa cha nkambo wangu, baba ya mama. Nkambo aliingia mu muji huu ulipokuwa ungali unaitwa Elisabethville, akafanya kazi Union Minière, akazeeka, akafa, na kifuko kikabaki mu valizi ya nguo pamoja na picha na shanga.

Kwa nje hakina uzuri. Kifuniko kimepauka, uzi umeoza kwenye kona moja. Lakini ingiza kidole ndani, ukipitishe kwenye ukingo wa ngozi kuanzia mdomo mpaka chini: hukutani na unyuzi hata mmoja. Ni laini kama ukingo wa mwiko wa zamani. Mara ya kwanza nilipogusa nilijiuliza, ni nani aliyepoteza siku nzima kwa kulainisha mahali ambapo hakuna mtu wa kupaona?

Nilipeleka kifuko kwa fundi mmoja wa viatu mu komini ya Kenya (wasomaji wa mbali wasichanganyikiwe: hapa kwetu Kenya ni komini ya Lubumbashi, si ile nchi). Mzee huyu alikuwa mfanyakazi wa Gécamines mpaka mwaka 2003, wakati zaidi ya wafanyakazi elfu kumi walipoondolewa kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Akarudia kazi aliyoijua tangu utoto. Alikichukua, akakitazama nje kwa dakika moja tu, kisha akafumba macho akaingiza kidole.

“Mwana, huyu mutu alimaliza ndani mbele ya kushona,” akaniambia. “Ukisha kushona, mukono haiingie tena.”

Neno hilo njo ufunguo wa habari yote. Mfuko mkubwa unaweza kuugeuza ndani-nje ukaurekebisha. Kifuko kidogo cha ngozi ngumu hakigeuki. Kila ukingo utakaobaki ndani lazima umalizwe wakati ngozi ingali vipande vipande juu ya meza, kabla hakijawa kifuko. Fundi anayefanya haraka hushona kwanza, halafu hupaka rangi kingo za nje, na za ndani huziachia giza.

Nikamwomba anionyeshe. Alikata kipande cha ngozi, akapunguza unene wa ukingo kwa kisu kikali akikilaza karibu sawasawa na meza, upande wa nyama, yaani ule uliokuwa umeshikana na mwili wa mnyama. Upande huo njo wenye nyuzinyuzi. Ule wa manyoya una ganda lake. Akakwaruza kwa kipande cha chupa, kisha kwa msasa. Akalowesha ukingo kwa maji kidogo sana, maana maji mengi huvimbisha ngozi ikaharibika umbo. Halafu akasugua kwa mfupa, mbele na nyuma, haraka, mpaka joto likaanza kutoka na ukingo ukageuka rangi, ukang'aa. Mwisho akapaka nta ya nyuki, akasugua tena kwa kitambaa. Nta haikosekani kwetu. Misitu ya Katanga ni ya nyuki na asali tangu bankambo. Wengine, alisema, hutumia uji mwepesi wa mihogo kulaza zile nyuzi. Unafaa, lakini mende huupenda.

Ila si kila ngozi inakubali. Ngozi iliyotengenezwa kwa maganda ya miti husuguliwa ikawa kama kioo. Ile ya viwandani iliyotengenezwa kwa dawa ya kromi hubaki kama sifongo. Usugue mpaka jioni, nyuzi zinarudi. Na siku hizi sehemu kubwa ya ngozi inayomfikia fundi wetu ni hiyo: mifuko ya okazio iliyokatwa, viti vya zamani, makoti. Kwa ngozi hiyo hana njia isipokuwa kuchonga ukingo uwe mwembamba kama karatasi, kuukunja na kuushona kama pindo la nguo. Kifuko cha nkambo hakikukunjwa. Kwa hiyo fundi alihukumu kwamba ngozi ile ilikuwa ya maganda, na kwa wembamba wake ni ya mbuzi au mnyama wa porini, si ng'ombe. Haishangazi. Mbung'o walizuia ng'ombe katika sehemu kubwa ya nchi hii; wengi walianza kuletwa na makampuni ya ufugaji kama Elakat, katika miaka ya 1920. Mbuzi na swala walikuwapo siku zote, na miti kama muputu, ambayo ganda lake lina ile dawa ya kukaza ngozi, imejaa porini kwetu.

Habari ya ngozi ni ngumu kuiandika kwa sababu ngozi inaoza. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu waliochimba makaburi ya zamani mwaka 1957 na 1958 walikuta vyungu, vyuma na misalaba ya shaba, ile midogo iliyotumika kama feza. Kama marehemu alikuwa na kifuko, udongo ulishakila. Tunajua alichokuwa nacho, hatujui alikibebea ndani ya nini. Katika majumba ya makumbusho duniani kote msalaba wa Katanga uko mu kabati ya kioo, kifuko hakipo.

Tukishuka hadi wakati wa Bayeke, mambo yanaonekana zaidi. Kalasa, baba ya Msiri, alikuwa mchuuzi aliyetoka pande za Unyamwezi kufuata shaba. Mtoto wake alibaki, akajenga Bunkeya, akatawala mpaka tarehe 20 Desemba 1891, siku Kapiteni Bodson wa msafara wa Stairs alipomwua kwa risasi, naye Bodson akapigwa palepale. Kwa Msiri njia mbili zilikutana: moja ya Zanzibar, moja ya Benguela. Pembe, shaba na watumwa walitoka. Bunduki na baruti ziliingia. Kiswahili chetu pia kilipita njia ile ya mashariki. Watu wa pwani walikuwa na jina kwa kile kifuko cha ngozi cha kuwekea risasi kiunoni, walikiita beti, na mfuko wa safari wa ngozi waliuita mkoba. Mpaka leo kurithi mikoba ya mtu maana yake ni kushika kazi yake, kwa sababu mganga alipokufa dawa zake zilikuwa ndani ya mkoba na mkoba ulikwenda kwa mwanafunzi wake.

Mwenye gobori, au mwenye pupu kama wawindaji wetu wanavyoita bunduki iliyotengenezwa kijijini, anajua kwa nini mfuko wa baruti lazima uwe msafi ndani. Nyuzi za ngozi hunywa unyevu wa hewa. Vumbi la ngozi linachanganyika na baruti. Punje zinakwama kwenye mshono na siku ya haja hazitoki. Hapo ulaini wa ndani si urembo. Unaweza kuwa nyama ya jioni, au uhai.

Sasa nirudi kwa nkambo, ambaye hakuwa mwindaji wala askari. Yeye alibeba karatasi.

Reli kutoka kusini ilifika mahali pa muji huu mwaka 1910, na kiwanda cha Lubumbashi kikayeyusha shaba ya kwanza mwaka 1911. Mwaka huohuo wa 1910 Wabelji waliweka sheria ya kodi ya kichwa, ilipwe kwa feza. Kuanzia hapo mwanaume mweusi wa muji alikuwa mtu wa karatasi. Kulikuwa na kitabu cha utambulisho, ambacho watu waliita buku tu. Kulikuwa na alama ya kodi, karatasi ya ruhusa ya kuhama kutoka kwenu, kadi ya kazi, karte ya posho mu kamp. Usiku kulikuwa na saa ambayo mweusi hakutakiwa kuonekana mu muji wa Wazungu bila ruhusa iliyoandikwa. Baadaye, mwaka 1948, wakaongeza kadi ya sifa ya uraia kwa wale walioonekana “wamestaarabika”, na mwaka 1952 daraja lingine juu yake. Kila hatua karatasi nyingine.

Mama husimulia kwamba nkambo alikuwa akisema buku inaweza kukufunga hata kama hukuiba. Ukurasa ukichanika, nambari ikifutika kwa kusuguliwa, unasimama mbele ya polisi huna jibu. Karatasi ya kukunjwa mara nne, inayotolewa na kurudishwa kila siku, hufa kwenye kingo. Ukingo wa ngozi wenye nyuzi unaisugua kidogo kidogo kama msumeno, na jasho la mtu wa tanuru linamaliza kazi. Hapo niliacha kushangaa kazi ya yule fundi wa zamani. Aliijua buku. Pengine alikuwa na yake mfukoni.

Kazi hiyo aliisomea wapi? Kuna waliojifunza kijijini, kuna waliojifunza kwa mapadri. Masalesiani walifika Elisabethville mwaka 1911 wakafungua shule, na kazi za mikono zilikuwa desturi yao: Don Bosco mwenyewe, mjini Torino, alianza karakana zake mwaka 1853 kwa viatu na ushonaji wa nguo. Fundi wetu wa Kenya anasema aliyemfunza alipitia kwa mapadri, na alikuwa akiwapiga wanafunzi vidole kwa rula kama ukingo wa ndani haukung'aa. Lakini kulaza ngozi kwa mfupa na nta hakuna aliyehitaji kulisubiri kutoka Torino. Mimi naona mambo mawili yalikutana juu ya meza moja, na sioni haja ya kugombania nani alitangulia.

Mu chini ya kifuko kuna alama ya duara, kama pete iliyofifia. Ni alama ya sarafu. Mama anaamini ni ile ya Katanga. Mwaka 1961, wakati wa serikali ya Moïse Tshombe, zilitolewa sarafu za franka moja na franka tano: upande mmoja ndizi, upande mwingine msalaba wa shaba, uleule wa makaburi ya Sanga. Januari 1963 Katanga ile ikaisha, na sarafu zikawa michezo ya watoto. Inawezekana mama ana haki. Inawezekana ni sarafu ya Babelji. Duara ni duara.

Kilichokiua kifuko hiki ni zaïre. Katika mwaka 1993 serikali ilitoa zaïre mpya, moja ikichukua nafasi ya milioni tatu za zamani. Watu walikuwa wamezoea kwenda sokoni na feza mu mfuko wa plastiki, hata mu kitunga. Kifuko cha kiganja kingebeba nini? Nkambo akakiweka mu valizi, na ndani yake akaacha buku yake ya zamani, ambayo hakuna polisi aliyeihitaji tena. Njo tulivyoikuta: kingo zake zote zimekaa, kona zake kali, kama ilivyotoka ofisini.

Toka mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilifanya mradi wa “Mémoires de Lubumbashi”, ambapo wakaaji waliombwa kusimulia maisha ya muji na kutoa vitu vya nyumbani vionyeshwe mu makumbusho. Watu walileta vitu ambavyo hatukudhani vina historia. Nasikitika kwamba kifuko kile hatukukipeleka. Wakati ule tulikiona ni takataka ya mzee.

Nilimuuliza fundi kama angeweza kukirudishia nguvu, hata kwa kukitia bitana ndani.

“Bitana? Apana,” akasema. “Itakuwa muzuri ku macho, lakini iko paka bongo. Utafunika kazi ya mwenzangu.”

Akafungua mshono wa kona peke yake, akapitisha uzi mpya uliopakwa nta katika matundu yaleyale ya zamani, bila kutoboa jingine. Nilihesabu: matundu kumi na moja. Upande wa ndani alikuta sehemu fupi, kama urefu wa ukucha, ambapo ngozi ilikuwa imeanza kutoa nyuzi. Akailaza kwa mfupa kabla ya kufunga, kwa sababu baada ya hapo mkono usingeingia tena.

Naweka ndani yake dola sasa. Mu muji wetu hakuna tena sarafu, na noti ya dola yenye mpasuko mdogo tu hukataliwa dukani, sokoni, hata na wabadilishaji feza barabarani. Siku ile nilimlipa fundi kwa noti ya tano niliyokuwa nayo mu sakoshi ya kawaida. Aliinyosha juu ya goti, akaiinua kwenye mwanga, akanionyesha ukingo wake umeliwa. Akanirudishia. Nikatafuta nyingine.